Kutoka 275 hadi 425

Tuanze na namba, maana najua wengi wenu mmefuata namba. Vipandikizi vyangu vya matiti vya zamani vilikuwa cc 275, na cc ni mililita tu. Vya sasa ni 425, kulia na kushoto. Silikoni, vya duara, ganda laini, chini ya msuli. Nina miaka 44, nimezaa mara mbili, nimenyonyesha wote wawili mpaka wakakataa wenyewe, na napenda wali wa nazi kuliko mazoezi. Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Houston, kazi yangu kuchukua watu damu maabara. Haya, tumeshajuana.

Nilipomtajia dada yangu kwenye simu aliuliza, "Cc 425? Kwani unanunua pikipiki?" Kwake cc ni habari ya bodaboda. Tulicheka sana, halafu akanyamaza, nikajua swali la pili liko njiani. Nitalifikia.

Sikurudi kwenye kisu kwa ajili ya ukubwa. Nilirudi kwa sababu titi la kushoto liligoma. Upasuaji wa kwanza nilifanya 2013, baada ya kumwachisha wa pili, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda salama hata nikawa nasahau kama nina kitu ndani. Halafu taratibu la kushoto likaanza kuwa gumu. Nikilala kifudifudi nalisikia. Nikivaa dera jepesi naliona limepanda, limejikusanya, limekuwa duara kupita kiasi, na la kulia limetulia zake pale pale. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu. Hilo humpata kila mtu na wala si ugonjwa. Kwa baadhi yetu utando ule hujikaza ukakibana kipandikizi. Madaktari huupanga kwa ngazi 4 za Baker: ya 1 hutambui kitu, ya 2 mkono unasikia ugumu kidogo, ya 3 hata jicho linaona, ya 4 panauma. Langu likaandikwa ngazi ya 3.

Sikushtuka sana. Vipandikizi si vya kukaa navyo mpaka kaburini, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya hapa Marekani, inasema hivyo bila kuficha: hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliojiongeza huwa ameshatolewa vyake ndani ya miaka 8 hadi 10. Mimi nilishapita hapo.

Kabla ya kwenda popote nilitafuta kadi. Ukiwekewa kipandikizi unapewa kadi ndogo yenye jina la kampuni, ujazo, umbo, aina ya ganda na namba ya kifaa chenyewe. Daktari wangu wa kwanza ameshastaafu na sikujua mafaili yake yako wapi, lakini kadi ilikuwa ndani ya pasipoti yangu ya zamani, ile iliyokatwa kona, pamoja na picha za kliniki za mtoto. Iliniambia mambo mawili niliyoyataka. Kwanza, 275 kweli, si "mia tatu hivi" niliyozoea kuwaambia watu. Pili, ganda laini. Hilo la pili lilinishusha pumzi, kwa sababu Julai 2019 FDA iliiomba kampuni ya Allergan iondoe sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL, vya ganda lenye mikwaruzo, kwa kuhusishwa na aina ya saratani ya mfumo wa limfu. Kama umefanya miaka ya nyuma na hujui una ganda gani, acha kusoma hapa, katafute kadi yako kwanza.

Daktari wa safari hii ni mwanamke wa makamo, mikono baridi, maneno machache. Alinipa njia tatu: kutoa na kutorudisha, kisha ngozi iinuliwe, kutoa na kurudisha saizi ile ile, au kupanda. Akauliza, "Ukijitazama, nini kinakukera?" Nikamwambia ugumu wa kushoto, na huu uwazi wa katikati. Tangu 2013 mwili umeongezeka, kifua kimepanuka, na zile 275 hazikupanuka nacho. Kwa mbele zilikuwa zimekaa mbalimbali, na juu kumebonyea.

Sababu ya tatu sikumwambia, maana haina dawa: napenda. Napenda nguo inavyokaa. Mwaka 2013 nilichagua saizi ambayo hata shoga yangu wa karibu asingeigundua, na kwa maisha yale ilinifaa sana. Nilikuwa mgeni mjini, nina aibu, nina mama mkwe aliyekuwa akinikagua kutoka kichwani hadi vidoleni. Mama mkwe sasa ndiye mwenzangu wa kuangalia tamthilia. Sina wa kumficha.

Nilikwenda na picha kwenye simu, kama wanavyofanya wote. Aliziangalia kwa adabu, akanirudishia simu yangu, akafungua droo akatoa kipimo cha chuma chenye miguu miwili. Akaweka mguu mmoja pembeni ya mfupa wa kifua, mwingine upande wa kwapa, akasoma: kulia sentimita 13 na nusu, kushoto 13. Kisha akafinya ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili akapima unene wake. Kisha akashika ngozi ya mbele, akaivuta, akapima imekuja kiasi gani. Yote akayaandika kabla hatujataja cc hata moja. Nilijihisi niko kwa fundi cherehani ambaye amekataa kuuliza rangi ya kitambaa mpaka amalize kupima bega.

Ndipo akanieleza, nami nikaelewa kwa nini namba ya mtu mwingine haina maana kwako. Kila titi lina upana wake, na kipandikizi kikizidi upana huo lazima kiende mahali: ama kwapani, ukiteremsha mkono kinakugusa, ama katikati, mpaka matiti mawili yaungane yawe moja. Hilo la kuungana likitokea, kulitengeneza ni kazi nzito. Sasa, ujazo ule ule unaweza kuwa mpana na bapa, au mwembamba na uliochomoza. Huko kuchomoza wao huita kimo. Kampuni zina majedwali: cc hizi, upana huu, kuchomoza huku. Zile 275 zangu zilikuwa za kimo cha wastani. Akapitisha kalamu kwenye jedwali la kimo kirefu, akashuka 375, 400, 425, 450, na 425 upana wake ulikuwa haufiki sentimita 13. "Hapa ndipo mwili wako unaponiruhusu," akasema. Akaendelea kushuka, lakini kalamu ikawa nzito.

Halafu kuna suala la msuli. Vya kwanza viliwekwa juu ya msuli wa kifua, vya sasa alitaka kuvishusha chini yake. Faida zake ni kwamba utando hukaza kwa nadra zaidi, kingo na mikunjo hufunikwa, na mamogramu, ile picha ya kukagua saratani ya titi, huonyesha nyama ya titi vizuri zaidi. Lakini msuli unabana, hasa juu, kwa hiyo sehemu ya ule ujazo machoni huipati. Mtu anaposikia nimeongeza 150 anadhani nimegeuka mwingine. Cc 150 ni pungufu ya nusu ya kopo la soda la hapa, uisambaze kwenye kifua kizima, uilalie na msuli. Daktari alikuwa mkali zaidi upande wa pili: kama ni kuongeza 50, alisema, bora nirudishe saizi ile ile, maana hakuna atakayeona, hata mimi.

Nyumbani nilifanya lile jaribio la mchele. Soksi ndefu za nailoni, mililita 150 za mchele kila moja kwa jagi la kupimia, fundo, unaubapaza unavaa na sidiria moja kubwa juu ya ulichonacho. Angalieni, sisi wa marudio hatupimi ujazo mzima, tunapima tofauti tu. Nikapika navyo, nikapandisha nguo ngazi, nikakaa kwenye gari nikafunga mkanda. Kesho yake nikatia 225, ili nione 500 itakuwaje, na hapo ndipo binti yangu alipoingia jikoni akanikuta nimejikunja naokota mchele uliomwagika soksi ilipotoboka. "Mama," kasema bila kucheka, "huo si ule wa pilau?" Ulikuwa ule wa pilau.

Jaribio hili lina kasoro zake. Mchele ni mwepesi kuliko silikoni: niliupima kwenye mizani ya jikoni, mililita 150 hazikufika gramu 130, wakati jeli ya kiasi hicho ni karibu gramu 150 kamili. Na mchele unakaa juu ya ngozi, hausukumi kutoka ndani. Utakupa picha ya nguo, hautakupa picha ya titi.

Lakini picha ya nguo ilinikolea. Nikarudi kwa daktari nikamwambia nataka 500.

Hakuniambia hapana. Alisema, "Kuziingiza naweza. Swali ni nani atazibeba." Mbili za 500 ni kilo nzima, imening'inia kwenye ngozi iliyonyonyesha watoto wawili na kukaa na kipandikizi miaka yote hiyo. Ngozi yangu ya chini, alionyesha kwa kidole, imeshakuwa nyembamba. Uzito ukizidi, kipandikizi hushuka chini ya mkunjo, chuchu ikabaki inatazama dari. Zaidi ya 450 angetaka kunishonea wavu wa ndani, wanaouita sidiria ya ndani, na huo una bili yake peke yake. Halafu akasema jambo lililonimaliza kabisa: upasuaji huu si wa mwisho. Nikijaliwa nitarudi tena nikiwa na miaka 50 na kitu, na atakayenifungua siku hiyo, yeye au mwingine, atafanya kazi na nyama nitakayokuwa nimembakizia leo.

Kwa hiyo 425. Tukakubaliana kwamba nikiwa mezani atajaribisha vya muda vya 400, 425 na 450, anikalishe wima nikiwa usingizini, atazame, aamue. Nikaandika kwa mkono wangu kwenye karatasi: isizidi 450. Kuna wanawake husema hawawezi kumwachia mtu uamuzi huo. Mimi naona mtu anayeona kifua kikiwa wazi anajua zaidi yangu mimi niliyelala, ili mradi mipaka nimeiweka mimi.

Karatasi nyingine zilikuwa za serikali. Tangu 2021 FDA inataka mgonjwa apewe orodha ya hatari zote, aipitie na kuthibitisha kwamba ameelewa, na maelezo ya vipandikizi vyenyewe yana onyo lililozungushiwa kisanduku. Nilisoma yote. Mwaka 2013 nilisaini huku nikitazama saa.

Niwape na kisa cha mji wangu huu, kwa sababu mtu wa damu hawezi kukiacha. Vipandikizi vya silikoni vilianzia hapa hapa Houston. Inasimuliwa kwamba daktari Frank Gerow aliminya mfuko wa plastiki wa damu, ukamkumbusha titi la mwanamke. Mimi nashika mifuko hiyo kila wiki na hata siku moja haijanijia fikra hiyo, lakini ndiyo wanaume. Yeye na Thomas Cronin wakatengeneza, wakajaribu kwanza kwa mbwa jike aliyeitwa Esmeralda, kisha 1962, katika hospitali ya Jefferson Davis, wakamwekea Timmie Jean Lindsey. Mama huyo alikuwa amekwenda kwa ajili ya kufutwa chale ya wino ya maua kifuani. Walipomshauri habari ya matiti, akasema yeye kinachomkera ni masikio yaliyosimama. Wakapatana: masikio wayalaze, na matiti wayafanye. Akatoka saizi B akaingia C. Hilo la masikio linanichekesha kila nikilikumbuka. Mtu anajua anachokitaka, na mwenye kisu naye ana lake.

Sasa swali la dada. Kwetu mtu mkubwa huanzi naye mambo haya bila salamu, kwa hiyo nilimpigia nikasema shikamoo dada, marahaba mdogo wangu, habari za watoto, za mvua, za karafuu za shemeji Pemba. Halafu akauliza taratibu, "Na umbo alilokupa Mwenyezi Mungu je?" Nilimjibu kwamba hilo nimeliongea na Mwenyewe, na mazungumzo yale ni ya wawili. Akasema, "Sawa. Lakini kama ni kuongeza, ungeongeza nyuma." Tanga hiyo. Kwetu anayeimbiwa ni mwenye nyuma. Kifua ni cha kunyonyeshea tu.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia, nilikuwa kwenye nusu kaputi. Alipita kwenye kovu lile lile la chini ya titi, akautoa utando wa kushoto wote ukapelekwa maabara, akafunga nafasi ya juu ya msuli na kufungua ya chini. Nilichomsisitizia ni makovu. Ngozi yangu inaota keloidi, yale makovu yanayovimba, ushahidi uko sikio la kulia nilipotobolewa mara ya pili. Bahati yangu lile kovu la 2013 lilikuwa limetulia, na safari hii nimekuwa nikilibandika plasta za silikoni tangu jeraha lilipofunga. Wenye ngozi kama yangu, mwambieni daktari kabla, msisubiri ajionee.

Nilizinduka nikauliza namba kabla ya kuomba maji. 425 zote mbili.

Chini ya msuli kunauma tofauti na juu ya msuli, na hakuna aliyenidanganya kuhusu hilo. Unasikia mtu amekukalia kifuani. Kulala ni kwa kuegemea, kuinuka ni kwa msaada, kuvaa shati la kuingiza kichwani sahau. Kazini nilirudi nikiwa nimekatazwa kunyanyua vitu, na kuinama juu ya mgonjwa kutafuta mshipa kulinichosha kuliko nilivyodhani. Mwanzoni matiti yalikuwa juu mno, magumu, yameng'aa kwa uvimbe, na mtu akiyahukumu hapo atalia bure. Yalishuka pole pole, miezi ikapita, yakalegea yakawa ya kwangu.

Yanavyokaa sasa: ule uwazi wa katikati umepungua, haujaisha, kwa sababu mifupa yangu ndivyo ilivyo. Juu kumejaa. Nikivaa kanga moja kifuani haitelezi. Sidiria nilikuwa 36C. Sasa duka moja linaniambia 36DD na jingine 36DDD, kwa hiyo msiniulize vikombe, vikombe havina serikali. Jioni baada ya zamu nausikia uzito ambao 275 haikuwa nao, mgongoni, kati ya mabega. Na nikisukuma ule mlango mzito wa maabara matiti yanaruka kidogo kwenda pembeni, msuli ukijikaza. Mwenzangu wa zamu aliona, akauliza, nikamwambia. Nikitazama zile picha nilizokwenda nazo mwanzo, naona 500 ingenipendeza kwa mwaka mmoja.

Linalofuata ni ukaguzi. Mamogramu nilipiga kabla, na nitaendelea kila miaka 2 kama inavyoshauriwa hapa kuanzia umri wa miaka 40. Ukifika mwambie mpiga picha una vipandikizi, ili avisukume nyuma na kuvuta nyama ya titi mbele. Kwa vipandikizi vyenyewe, FDA inashauri altrasaundi au MRI, picha ya mashine ya sumaku, mwaka wa 5 au wa 6, kisha kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu silikoni inaweza kupasuka kimyakimya bila wewe kusikia chochote. Kadi mpya nimeipiga picha, nimemtumia na binti yangu.

Dada yangu yeye alipiga tena juzi. Hakuzungumzia umbo la Mwenyezi Mungu. Yeye ni mwenye makubwa ya kuzaliwa, mabegani ana mifereji ya mikanda ya sidiria, na mgongo unamsumbua tangu alipojifungua wa nne. Akazunguka wee, mvua, karafuu, shemeji, mwisho akauliza kama huku Houston huwa wanapunguza. Nikamwambia wanapunguza, na kinachotolewa hupimwa kwa gramu kila upande.

"Kumbe," akasema. "Basi ungeniomba mimi hizo mia na hamsini."